Tuiteni wazazi Kidato cha Pili, msingoje matokeo ya Kidato cha Nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mwanamke wa Moshi mjini, nina duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi. Nina kompyuta mbili, mashine moja ya kopi inayokohoa kila ikifika karatasi ya kumi, na benchi la wateja ambalo Januari huwa halitoshi. Kalamu na madaftari nauza, lakini kinachowaleta watu hasa ni kufunguliwa matokeo ya mitihani na kujaziwa maombi ya vyuo. Kuwaeleza walichopata ni kazi ya nyongeza, na hiyo hailipwi.

Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, Hiace za Uru, Kibosho na Old Moshi hunishushia wateja kabla sijamaliza kufagia. Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Namba ya mtihani ya mwanawe alikuwa ameiandika kiganjani kwa kalamu, jasho limeshaanza kula tarakimu ya mwisho, hatujui ni 3 au 8. Tukajaribu zote mbili. Benchi zima limenyamaza. Ukurasa ulipofunguka akauliza lile wanalouliza wote: "Divisheni ngapi, mwanangu?" Ukijibu Wani, yaani Daraja la Kwanza, vigelegele hadi kwa mshona viatu ng'ambo ya barabara. Ukijibu Foo, yaani Daraja la Nne, mtu anavuta kanga usoni. Tangu nifungue duka sijapata mzazi aliyeniuliza kwanza, "Fizikia kapata nini?" Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, hadi ilipotufika nyumbani.

Binti wa dada yangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Alipata Kiswahili A, Historia B, Uraia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia C, Hisabati F. Wenye kujua hesabu hii wameshaipiga: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Zinachukuliwa alama za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Kuanzia 7 mpaka 17 ni Daraja la Kwanza, 18 mpaka 21 la Pili, 22 mpaka 25 la Tatu, 26 mpaka 33 la Nne, na 34 au 35 ni ziro. Mtoto wetu alikuwa na 20. Daraja la Pili! Dada, ambaye anauza mitumba Memorial, alifunga meza mapema siku hiyo, tukala kuku.

Sasa huyu binti toka darasa la tano alikuwa anataka unesi. Bibi yake aliugua muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumlisha mtori kwa kijiko. Dirisha la udahili wa vyuo vya afya lilipofunguliwa, akaja dukani na cheti cha kuzaliwa na picha pasipoti zake ndani ya bahasha ya kaki, amevaa vizuri kama anayekwenda kwenye usaili. Tukafungua sifa za stashahada ya uuguzi na ukunga, nikamsomea kwa sauti: ufaulu wa D nne au zaidi, zisizo za masomo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Akanitazama. "Mama mdogo, mimi Fizikia na Kemia sikufanya."

Alisoma masomo saba ya lazima tu. Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia Kidato cha Tatu.

Nikageuka kwa aliyekuwa anamfuata kwenye foleni, maana kazi ni kazi, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Kijana wa Pasua, amekuja peke yake, sauti ya chini, anasema ana Foo ya 26 lakini naomba unijaribishie hivyo hivyo. Kiswahili C, Jiografia C, kisha D za mfululizo: Uraia, Historia, Kiingereza, Biolojia, Kemia, Fizikia. Hisabati F. Nikamwambia kaka, kaa chini, wewe una sifa. Hakuniamini mpaka nilipomgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Ana D kwenye yale matatu, na jumla ya masomo aliyofaulu inazidi manne. Tukajaza. Binti wetu wa Daraja la Pili amekaa kwenye benchi na bahasha yake, anaangalia mwenye Daraja la Nne akilipia maombi ya uuguzi.

Simwonei kijana yule wivu. Tena akimaliza stashahada yake kwa wastani wa 3.0 au zaidi, njia ya chuo kikuu bado ipo kwa kile wanachokiita sifa linganishi, yaani kuingia kwa stashahada badala ya Kidato cha Sita. Ninachosema ni kwamba mlango ulifungwa Kidato cha Tatu, na sisi tulikuja kuligundua miaka miwili baadaye, baada ya kula kuku.

Dada alikwenda shuleni. Shule yenyewe siitaji, ni ya kata kama nyingine nyingi, na walimu wake wa sayansi tunajua jinsi wanavyogawana vipindi. Mwalimu wa taaluma alimpokea kwa heshima akatoa faili. Ndani kulikuwa na nusu karatasi yenye jina la mtoto, orodha ya masomo, na mstari uliopigwa kwa rula juu ya Fizikia na Kemia. Sababu: katika upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili alikuwa na F kwenye yote mawili, "akashauriwa". Chini kulikuwa na sahihi moja tu. Ya mtoto. Alikuwa na miaka 15.

Mwalimu hakuvunja sheria yoyote ninayoijua. Fizikia na Kemia kuanzia Kidato cha Tatu yamekuwa masomo ya kuchagua, na mtoto mwenye F si vibaya kumwuliza kama anataka kuendelea. Lakini hakuna aliyemwambia huyu mtoto kwamba kwenye karatasi ile anachagua pia kutokuwa nesi, tabibu wala mfamasia. Yeye alielewa kwamba anapunguziwa mzigo. Na mama yake hakuelewa chochote kwa sababu hakuitwa.

Mimi mwenyewe, Mhariri, sina haki ya kumcheka mzazi asiyejua kusoma matokeo, kwa sababu yangu yaliwashinda hata waliosoma. Nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012. Wenye umri wangu wameshatikisa kichwa. Yalipotangazwa Februari 2013, takriban sita katika kila kumi tulikuwa na ziro. Mimi nilikuwa na D moja ya Kiswahili na F zilizobaki, pointi 34. Baba alikuwa na ile karatasi mfukoni mwa koti wiki nzima, akikutana na mtu wa Uru anaitoa, kama mwenye kesi. Mei mwaka huo Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, na yalipotoka tena nilikuwa na D tatu: Daraja la Nne, pointi 32. Sikuwa nimefungua daftari hata siku moja kati ya Februari na Mei. Baba akaniuliza, "Umesoma lini?"

D tatu hazitoshi chuo. Mwaka 2014 nikarudia baadhi ya masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yangu sasa ikianza na P badala ya S, nikaongeza D mbili. Hapo napo mfumo ulikuwa umebadilishwa: matokeo ya mwaka ule yalitoka kwa wastani wa GPA, na mahali pa madaraja yakawekwa maneno Distinction, Merit, Credit na Pass. Baba aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akauliza, "Sasa hii ni Foo au Thrii?" Mapema mwaka 2016 wizara ikaamuru madaraja yarudi. Mpaka leo naletewa vyeti vya Kidato cha Sita vya 2014 na 2015 vyenye B+, alama ambayo wadogo zao hawajawahi kuiona, na kila mara inabidi niwaeleze wenyewe kwamba Tume ya Vyuo Vikuu ina kipimo cha peke yake kwa miaka ile miwili.

Nimeyasema haya ili mkurugenzi fulani asije akaniandikia kwamba "wazazi wajitahidi kufuatilia". Tunafuatilia. Kinachofuatiliwa ndicho kinachosogea.

Kidato cha Sita ndiyo kabisa. Kule kuna tahasusi, yaani masomo matatu yanayobeba jina la mtoto kwa miaka miwili: PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na kadhalika. Zilikuwa 16 mpaka mwaka 2024 Serikali ilipotangaza kuongeza 49, zikawa 65. Alama nazo si zile za Kidato cha Nne. A inaanzia 80 badala ya 75, na kati ya D na F wameingia E na S, hivyo E ni pointi 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi zinahesabiwa kwenye masomo matatu ya tahasusi tu, hivyo aliye bora kabisa ana 3, na Daraja la Kwanza linaishia 9, la Pili 12, la Tatu 17. Mpaka hapo mzazi makini anashika. Kisha anakuja kwangu Julai kuomba chuo kikuu, na Tume ya Vyuo Vikuu inaigeuza hesabu kichwa chini miguu juu. A iliyokuwa 1 huku, kule ni 5. B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Baraza linataka pointi chache, Tume inataka nyingi.

Niliwahi kupata ndugu wawili wa Machame, mtu na binamu yake, wamekuja pamoja kwenye bodaboda moja. Wote Daraja la Tatu, wote pointi 15. Mmoja ana D, E na S. Mwingine ana C, E na F. Machoni pa ukoo wako sawasawa, na kama kuna aliye nyuma basi ni huyu mwenye F. Lakini kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani alama mbili kati ya A na E, zenye jumla ya 4 kwa kipimo cha Tume. D na E ni 2 na 1, jumla 3. C na E ni 3 na 1, jumla 4. Mwenye F akapata pa kuombea. Asiye na F hata moja akarudi nyuma ya bodaboda akiwa ameshika karatasi aliyolipia shilingi 500 kuprinti, na binamu yake anaona haya kufurahi. Nilitamani nimrudishie ile 500.

Nikitoka mjini kwenda Bomang'ombe naona mabango ya shule binafsi pembeni ya barabara: "Wani tupu", "Hatuna Foo", na picha za watoto wamevaa joho. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na mimi niliona wamefanya vyema. Ila mabango hayakusikia. Shule inayouza madaraja itapenda mtoto asome masomo saba anayoyaweza kuliko tisa yenye Fizikia ya kubahatisha, na hapo sizungumzii shule binafsi peke yake. Wastani wa shule unapanda. Kwa mtoto ambaye hataki sayansi, hasara hakuna. Kwa anayeitaka na bado hajaiweza, ameamuliwa.

Kuna watakaosema binti wetu alikuwa na F, angeendelea angefeli tu. Huenda. Lakini alichohitaji kwa uuguzi ni D, na D inaanzia alama 30 kwa mia. Kutoka F ya Kidato cha Pili hadi 30 ya Kidato cha Nne kuna miaka miwili na likizo zake. Tungejua, dada angeuza hata ile cherehani tukamlipia tuisheni. Tungeshindwa, tungeshindwa tukijua tunachokishindania.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na ninalielekeza kwa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kwa Wizara ya Elimu, na kwa wakuu wa shule za sekondari hapa Kilimanjaro ambao wanaweza kuanza kesho bila waraka wowote. Matokeo ya Kidato cha Pili yakitoka, kabla mtoto hajapangiwa masomo ya Kidato cha Tatu, mzazi aitwe. Si mkutano wa michango ya chakula na madawati; huo tunaujua. Mzazi akae na mwalimu na mtoto wake dakika kumi, waulizane mtoto anataka kuwa nini, na aambiwe akiacha somo hili anafunga mlango upi. Kisha ile nusu karatasi iwe na sahihi tatu. Na jambo hili halisubiri, maana mtaala mpya umeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na huo unachaguliwa mapema zaidi ya Kidato cha Tatu.

La pili ni kwa Baraza la Mitihani. Pale kwenye ukurasa wa matokeo, chini ya majina ya watoto, wekeni maelezo ya Kiswahili yasiyozidi karatasi moja. A ni ngapi, daraja linahesabiwaje, Kidato cha Tano kinahitaji angalau C tatu na tahasusi inayoshikana, chuo cha stashahada kinahitaji D nne na kila kozi ina masomo yake ya lazima, na baada ya matokeo lipo dirisha la kubadili machaguo ya Selform, ile fomu mtoto anayojaza kuchagua tahasusi na vyuo. Hilo la mwisho limewaokoa wengi dukani kwangu, na wengi zaidi wamelisikia likiwa limeshafungwa. Mtihani tunaufanya kwa Kiingereza, sawa, lakini mama wa Mbuyuni hakukaa kwenye mtihani. Yeye alilipia sare.

Mtoto wake, kama mnataka kujua, tarakimu ilikuwa 8. Daraja la Tatu, pointi 25, ukingoni kabisa. Mama alishaanza kuvuta kanga. Nikamwambia subiri, tusome mstari mzima: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza C. Hiyo ni HKL, mama, anaweza kuomba Kidato cha Tano. Akasema nirudie. Nikarudia. Akaniachia mkungu mdogo wa ndizi mshare pale mlangoni.

Binti wetu amepangiwa HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), bweni, mkoa mwingine. Amekubali. Dada amenunua godoro na ndoo mbili, na bahasha ya kaki ameiweka kabatini kwake. Binti ameniuliza kama inawezekana kurudia Fizikia na Kemia kwa kujitegemea, na nimemwambia inawezekana, ila amalize kwanza kufungasha sanduku.

Hiyo karatasi moja ya Kiswahili ikiandikwa, Mhariri, mimi nitaiprinti bure na kuibandika mlangoni pembeni ya bei za kopi. Wino ninao.

Mwenye steshenari,
Moshi Mjini
(Jina limehifadhiwa)